Meza ya Ndege za Wageni

Kabla hajavua koti, kabla hata hajaweka mkoba chini, Ozella Gaskins aliangalia trei ya mwenzake.

Kila asubuhi ndivyo alivyokuwa. Saa mbili kasoro dakika kumi anatoka kwenye lifti ya ghorofa ya sita, shingo imeshatangulia, macho yako mezani kwa Delphine Broadnax. Akikuta fomu mpya tatu, siku imeingia doa. Akikuta tano, kahawa haipiti kooni. Asubuhi hiyo, mwezi wa nne mwaka wa themanini na saba, hapo Washington, alikuta saba. Saba, mama! Na kwenye trei yake mwenyewe ilikuwepo bahasha moja tu, tena ni ile aliyoituma yeye, posta wameirudisha na mhuri wa zambarau. Hata huo mhuri hakuusoma. Aliisukumia bahasha ndani ya droo, akaifunga droo kwa nyonga, akabaki amesimama anazihesabu upya zile saba za watu, labda zitapungua.

Hazikupungua.

Saa mbili kamili Delphine akaingia, kofia ya kijani kichwani, kisahani kimefunikwa kitambaa mkononi.

"Bi Ozella, umeamkaje? Mbona umesimama na koti kama mtu aliyefukuzwa kazi?"

"Nasikia baridi."

"Baridi, na micheri yote imechanua huko nje?"

"Yangu ni ya mifupa. Ukifika umri wangu utaijua."

"Basi kata kipande cha keki ya limau kikupashe moto. Clifton kaniamkia saa kumi na moja kuioka, eti ni siku yetu ya ndoa. Mwanaume na aproni yake, ungemwona ungecheka."

Ozella alikata kipande. Alikila chote, na kilikuwa kitamu, na huo utamu ndio uliomuudhi zaidi. Yeye mume wake Roscoe alikuwa hajawahi hata kuchemsha yai, na mwaka wa sabini na moja alifuata mwanamke wa Baltimore mwenye jino la dhahabu. Sasa huyu anaokewa keki!

Kazi yenyewe ya hawa wawili, ukimweleza mtu haamini kama kuna anayeilipa mshahara. Ndege za nchi za nje zinatua Marekani kutwa kucha. Zinabeba watu, zinabeba mizigo, zinachukua pesa za watu wa hapa. Lakini na zenyewe zinaacha pesa: mafuta, ada ya kutua, mishahara ya wale wasichana wa kaunta, kuku wa kwenye visahani, kamisheni ya wanaouza tiketi. Serikali inataka kujua kila baada ya miezi mitatu, zimeingiza kiasi gani na zimeacha kiasi gani. Nani atakwambia? Rubani hajui. Ndiyo ikatengenezwa fomu ya kurasa nne, ikatumwa kwa kila shirika la kigeni, na sheria ikasema lazima ijazwe. Sheria hiyohiyo ikasema kilichoandikwa mle hakionyeshwi mtu, awe wa kodi awe polisi, na kila karani aliapa kwa mkono juu. Shirika dogo kabisa linasamehewa, ila liandike lenyewe kwamba ni dogo.

Na lisilojibu? Barua ya kwanza. Barua ya pili. Robo mwaka ikifungwa kimya, karani anakisia. Anachukua namba za robo iliyopita, anaangalia mashirika yanayofanana nalo yamepanda au yameshuka vipi, na lenyewe analipandisha au analishusha vivyohivyo, halafu anazungushia duara jekundu. Duara maana yake, hili tumekisia sisi. Si kosa, ndiyo utaratibu. Ila maduara yakizidi mezani kwako, watu wanaanza kukutazama.

Mezani kwa Delphine, kati ya mashirika thelathini, maduara yalikuwa mawili. Mezani kwa Ozella, kati ya thelathini na moja, yalikuwa tisa.

Na nani alimfundisha Delphine? Ozella. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Ozella alikuja mjini mwaka wa hamsini na nane na basi kutoka Rocky Mount, mtoto wa mashamba ya tumbaku, vidole vina utomvu bado. Alijifunza kupiga taipu kwenye meza ya jikoni ya shangazi yake, akafanya mtihani wa serikali, akawekwa chumba cha wapiga taipu na wanawake wenzake weusi ishirini. Miaka kumi akachapa barua za watu. Halafu ndiyo akapandishwa meza ya ndege, na hapo alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa. Delphine alitoka chumba hichohicho miaka saba iliyopita, hajui tani ni nini. Ozella akamshika mkono: hii ni mizigo inayotoka, hii ni inayoingia, mafuta yaliyonunuliwa London usiyahesabu hapa, ni ya huko. Akamfundisha mpaka na wapi kalamu nzuri zinafichwa. Sasa mwanafunzi ana maduara mawili.

Tena Delphine alikuwa ameshapanda ndege! Alikwenda Bermuda na Clifton wake, akarudi na kijiko kidogo chenye nembo ya shirika, akawa anakorogea kahawa palepale mbele ya macho ya Ozella. Kling, kling, kling. Ozella, miaka kumi na tisa anahesabu mafuta ya ndege, ndege yenyewe alikuwa hajaigusa hata tairi.

Yote hayo angeyameza. Lakini mwisho wa mwezi wa sita Hattie Crump alikuwa anastaafu. Hattie ndiye mkubwa wa meza ya ndege, mwanamke mweusi wa kwanza kuwekwa kwenye kiti kile, na kiti kilikuwa cha daraja la tisa, chenye mikono ya ngozi na dirisha la kuona mtaani. Atakayekirithi ni mmoja kati ya hao wawili, kila mtu alijua. Kwa Ozella kiti hicho kilikuwa ndiyo malipo ya kila kitu, ya tumbaku, ya taipu, ya Roscoe. Kanisani wenzake wa kusimamia milango walishaanza kumwita "Dada Gaskins, mkuu wetu." Alikuwa amekwisha nunua na mto wa kukalia. Uko nyumbani kabatini, na karatasi yake haijatolewa.

Adhuhuri hiyo Delphine alipokwenda kula, Ozella alinyanyuka kama mtu anayenyoosha mgongo, akapita karibu na ile trei. Alichungulia tu, anaapa alichungulia tu. Fomu ya kwanza, ya Nordhavn Air, na mwandiko wake ulikuwa wa Delphine. Zile sifuri zake nene kama donati. Ya pili, donati. Ya tatu, donati. Saba zote, donati tupu!

Moyo ukamruka kwa furaha mpaka akashika meza.

"Anazijaza mwenyewe," akanong'ona. "Mwizi wa namba. Anajiandikia mwenyewe!"

"Nani anajiandikia?" Alikuwa Hattie Crump, yuko mlangoni na sandwichi yake ya samaki.

"Njoo uone, Hattie. Njoo umwone malaika wako."

Hattie hakusogea. "Ozella, kila siku unachunga trei ya mwenzio. Ya kwako anaichunga nani?"

"Ya kwangu ni safi."

"Umeshawahi kumwuliza Delphine anafanyaje?"

"Nimwulize mimi? Mimi niliyemfundisha?"

Hattie alitafuna samaki wake, akaondoka zake. Alikuwa amebakiza miezi miwili na nusu, hakutaka kubeba mzigo wa mtu.

Ozella hakungoja keki iishe tumboni. Alikwenda kwa Bwana Whitlow, mkuu wa idara nzima, mzungu kijana mwenye shahada mbili na kikohozi cha aibu. Alifunga mlango, akakaa bila kukaribishwa.

"Bwana Whitlow, mimi si mtu wa maneno."

"Najua, Bi Gaskins," akasema Whitlow, ambaye hakujua lolote.

"Lakini mtu akiandika namba za uongo kwenye karatasi ya serikali, halafu nikanyamaza, na mimi nimeapa. Angalia fomu za Bibi Broadnax. Angalia mwandiko. Halafu uniambie kama watu wa Norway wanaandika kama msichana wa mtaani hapa, wa Georgia Avenue."

Whitlow alikohoa. Lilikuwa jambo zito, na yeye mambo mazito aliyapenda yakiwa kwenye majedwali. Akafikiri, akasema, "Tutafanya hivi. Nitachagua mashirika matano ya kila meza. Wewe utayapigia ya kwake, yeye atayapigia ya kwako. Mtalinganisha yanachosema na kilichomo kwenye faili. Wiki ijayo, Alhamisi, saa tisa alasiri, nataka karatasi. Hivyo hakuna atakayesema nimependelea."

"Na ya kwangu?" Ozella akauliza. "Ya kwangu ya nini?"

"Haki, Bi Gaskins."

Basi. Akatoka na ushindi wake uliokuwa na mkia.

Jumatatu Whitlow akasoma majina. Kwa Delphine alichagua Nordhavn na mengine manne. Kwa Ozella alichagua matano, na la mwisho likiwa Aero Quillabra, shirika dogo la kutoka Amerika ya Kusini lililokuwa linaleta maua Miami. Ozella alilisikia likipita kama anavyosikia matangazo ya kituo cha treni. Akili yake ilikuwa kwenye zile donati.

Alianza na Nordhavn, ofisi yao ya New York. Akapokea mhasibu, Bwana Halvorsen, sauti nyembamba.

"Bibi Broadnax yuko?" ndiyo salamu yake ya kwanza.

"Mimi si Bibi Broadnax. Mimi ni Bibi Gaskins, wa serikali. Nataka uniambie mafuta mliyonunua Marekani miezi mitatu hii."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Mafuta, bwana."

Akasoma. Namba ikalingana mpaka dola ya mwisho. Ada ya kutua, ikalingana. Mishahara, mizigo, kamisheni, vyote. Ozella akaipitisha kalamu tena juu ya kila namba.

"Sasa niambie," akamwuliza, "fomu hii nani aliijaza?"

"Yeye. Kiingereza changu cha kuandika kibaya, nyinyi fomu yenu ndefu. Yeye anapiga simu robo ikiisha tu, mimi nasoma, yeye anaandika, ananiletea kwa posta, mimi nakagua, natia sahihi. Ametusaidia sana. Mwambie mke wangu amejifungua, msichana. Yeye alikuwa ananiuliza kila mara."

Shirika la pili, hivyohivyo. La tatu mhasibu alikuwa mwanamke, akataka anwani ya nyumbani kwa Delphine ampelekee kadi ya Pasaka iliyochelewa. La nne, la tano, namba safi kama vyombo vya mama mkwe. Kumbe hakuna uongo wowote, na kila sahihi ni ya mwenyewe! Mwanamke alikuwa anawapigia watu simu kama anapigia shangazi zake. Kila shirika alilitengenezea kadi: nani anashika hesabu, ana watoto wangapi, mgongo wake umepona.

Ozella hakupata kupiga simu ya namna hiyo maishani mwake. Yeye alituma barua, na kwenye barua alipigia mstari neno *faini*. "Serikali haibembelezi," ndivyo alivyosema siku zote. Na kwa sababu haikubembeleza, haikujibiwa.

Kuona mtu ameiba, unafurahi. Kuona mtu ni bora kuliko wewe, tena bila hata kukunja uso, hilo Ozella hakuliweza. Aliporudi nyumbani Jumanne hakula. Aliutoa ule mto kabatini, akautazama, akaurudisha.

Jumatano, saa nne asubuhi, alikuwa anatafuta kifutio kwenye droo akaigusa ile bahasha ya mhuri wa zambarau. Sasa ndiyo akausoma. *Amehama. Muda wa kumpelekea barua umekwisha.* Juu yake, kwa taipu yake mwenyewe: Aero Quillabra.

Akavuta faili lao. Duara jekundu. Robo ya kabla yake, duara jekundu. Ya kabla yake tena, duara. Matano yamepangana kama vifungo vya koti. Mwaka na zaidi shirika hilo lilikuwa halijasema neno, na yeye kila robo amelipandisha kidogo: mafuta juu, mizigo juu, mishahara juu. Macho yake yote yalikuwa meza ya pili, huku kwake mkono ukikisia wenyewe.

Mara akainua macho. Delphine alikuwa na simu sikioni, orodha mbele yake, kidole kiko kwenye jina la nne.

Ozella hakusubiri saa ya chakula. Alichukua koti, akashuka, akatembea mitaa minane kwenda kwenye ofisi ya tiketi ya Quillabra, miguu inamuuma kwenye viatu vya kazini. Alitaka akute kaunta, msichana, mtu yeyote amwambie ndiyo tupo, tulisahau tu.

Alikuta duka la miwani.

Dirishani palining'inizwa ndege ya mbao, nyekundu na njano, jina la Quillabra ubavuni, na kwenye bawa wamebandika karatasi ya zile herufi za kupimia macho.

"Karibu, mama," akasema mwenye duka. "Unaona mbali au karibu?"

"Hawa wenye ndege wako wapi?"

"Wale? Walikufa zamani. Walifunga hapa baada ya Krismasi ya mwaka juzi. Mwenye nyumba alisema ndege zao zilikamatwa kwa deni, sijui huko kwao. Barua zao zilikuwa zinapelekwa kwa wakili mmoja Miami, mwaka mzima, mpaka muda ukaisha posta. Hiyo ndege nimebaki nayo, watoto wanaipenda wakipimwa. Wewe walikuwa na tiketi yako?"

"Hapana," Ozella akasema. "Walikuwa na mishahara yangu."

Mwenye duka hakuelewa, akamwonea huruma akadhani kichwa hakiko sawa.

Robo tano! Alikuwa ameipa maiti mafuta. Alikuwa ameiongezea maiti mishahara, asilimia nne, kwa sababu wengine waliongeza. Na namba hizo zilishajumlishwa na za wengine, zikachapwa, watu wakubwa wakasoma wakatikisa vichwa.

Siku ya pili, Alhamisi, saa nane mchana, Delphine alimfuata kwenye chumba cha kina mama cha kupumzikia, penye lile kochi la plastiki. Akafunga mlango kwa mgongo.

"Bi Ozella, usipaze sauti."

"Sijasema kitu. Nipaze nini?"

"Ile Quillabra. Simu imekatwa. Nikapiga uwanja wa ndege wa Miami, wanasema haijatua hata moja yao tangu mwezi wa kumi, mwaka juzi."

Ozella alikuwa anajitazama kwenye kioo. "Kwa hiyo umefurahi."

"Nifurahi na nini? Sikiliza. Nne zako za kwanza ziko sawa kabisa, nimeandika ziko sawa. Hii ya tano nimeacha wazi. Saa tisa bado. Nenda kachukue faili, andika mwenyewe kwamba limefungwa, rudisha namba nyuma, tia tarehe ya juzi. Mimi nitaandika nilikuta umeshalishughulikia."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini unifanyie hivyo? Unajua ni nani aliyekwenda kwa Whitlow?"

"Najua." Delphine alikuwa hacheki sasa. "Jengo zima linajua. Lakini wewe ndiye uliyenitoa kwenye taipu, Bi Ozella. Na kiti kile nimekifikiria. Mimi nina miaka thelathini na sita, nitapata kingine. Wewe una miaka kumi na tisa hapa. Kichukue, ukae, tupumzike sote."

Mungu anajua, mwanamke mwenye akili angemshika mkono akalia. Kiti kilikuwa kimewekwa mbele yake na mikono yake ya ngozi, alichotakiwa ni kukaa tu. Lakini Ozella alikiona kiti hicho akajiona amekalia, kila siku, miaka mingine sita mpaka kustaafu, na kila akikaa anamwona Delphine ndiye aliyekivuta. *Tupumzike sote.* Kama mtu anayemwachia mtoto kipande cha mwisho asilie! Mpaka kwenye wema amshinde!

"Asante, mdogo wangu," akasema. Akajipaka rangi ya midomo, taratibu, mpaka pembeni. Akatoka.

Hakwenda kwenye faili. Alikwenda kwa Bwana Whitlow.

"Nimekuja kukuletea Quillabra," akasema, akaweka mezani bahasha na faili lenye maduara yote matano. "Imekufa. Nimekisia robo tano. Kosa langu, langu peke yangu, hakuna aliyenisaidia."

Whitlow alikohoa. "Bi Gaskins, huu ni uaminifu mkubwa sana. Tutarekebisha namba zilizochapwa. Kwa kweli mtu anayekuja mwenyewe—"

"Sijamaliza. Bibi Broadnax ameniambia nirudishe tarehe nyuma, halafu yeye aandike amekuta nimeshashughulikia. Kwenye karatasi ya serikali. Mwite, mwulize. Huyo hajui kusema uongo, atakwambia."

Akamwita. Akamwuliza. Delphine alimtazama Whitlow, halafu akamtazama Ozella muda mrefu, kama anayesoma fomu iliyojazwa vibaya.

"Ndiyo," akasema. "Nilimwambia hivyo."

Alichukua kalamu yake akatoka.

Haikuchukua wiki tatu. Whitlow hakuweza kumpa kiti aliyelisha maiti, na hakuweza kumpa aliyetaka kugeuza tarehe. Alikitoa kiti nje ya ndege kabisa, akampa Purvis Ott wa meza ya meli, mwanaume wa kizungu mwenye mba, ambaye aliuliza siku ya kwanza kama ndege nazo zinalipa ada ya gati.

Siku ya kuagana na Hattie Crump waliweka kuku, mboga za majani ya koladi na keki yenye jina lake. Delphine hakuleta kitu, alikaa upande wa pili na watu wa meli. Hattie alizunguka anawapa watu mikono, alipofika kwa Ozella hakutoa wa kwake.

"Miaka ishirini na mbili," akamwambia, kwa sauti ya kawaida tu, "nimekipasha moto kiti kile ili mmoja wenu akikute. Walikuwa hawataki kunipa hata mto. Umekipeleka kwa Purvis Ott."

"Nilisema ukweli, Hattie."

"Ulisema ukweli kwa sababu ulikuwa na meno ya kumng'ata mwenzio. Nenda kale kuku."

Akaenda akala kuku. Na usiku ule, watu watasema alijuta, alilia. Hakulia. Alilala vizuri kuliko alivyolala tangu Delphine aje kwenye ndege, kwa sababu kiti kile wote wawili hawakuwa nacho, na sawa ni sawa. Ule mto aliupeleka kanisani, wakamshukuru mbele za watu.

Purvis Ott, ili aonekane anafanya kitu, mwezi wa saba alibadilisha meza. Ya Delphine akampa Ozella, ya Ozella akampa Delphine, pamoja na kadi zote. Wakabaki wanatazamana kama zamani, hatua nne, ila kijiko cha Bermuda hakilii tena na keki haikuja. Delphine alisema "habari za asubuhi" kwa chumba kizima, si kwa mtu.

Wiki ya pili Ozella alitoka kwenye lifti, shingo mbele. Kwenye trei ya Delphine zilikuwepo sita. Sita, za yale mashirika yake yeye! Ya lile alilolitishia faini mara tisa ikiwa juu kabisa, imejazwa kwa donati, imetiwa sahihi, na picha ya mtu na mbwa wake imebanwa kwa klipu.

Alikuwa bado anazihesabu simu yake ikalia.

"Bibi Broadnax yuko?" Sauti nyembamba.

Ozella alimtazama Delphine, kichwa chini, anaandika.

"Hayupo," akasema.

Delphine aliinua kichwa. Alisikia, na alijua ni nani huko upande wa pili. Akakirudisha kichwa chini.

"Mimi ndiye mwenye Nordhavn sasa," Ozella akasema. "Soma, nitaandika." Akasoma, akaandika, mafuta, ada, mishahara, mpaka mwisho. Ilibaki kusema kwaheri. Kadi ilikuwa mbele yake, mwandiko wa sifuri nene: *mtoto wa kike, mwezi wa nne, Ingrid*. Alijikohoza mara mbili kabla maneno hayajatoka.

"Na mtoto," akasema. "Huyo Ingrid. Hajambo?"

Upande wa pili kiti kililia, mtu ameegemea.

"Anaanza kuota meno," akasema Halvorsen. "Hatulali."

Ozella akachukua kalamu, akaandika chini ya mwandiko wa Delphine: *meno*. Halafu akaangalia upande wa pili haraka, kuona kama yule ameona.